Unapimaje athari za kampuni ya vinywaji kwa jamii na mazingira? Naomba mwongozo

Kizibo

Wakuu habari za muda huu. Niko kampuni ya vinywaji, tunatengeneza soda, juisi na maji ya chupa. Kuna mwekezaji kaomba ripoti ya athari zetu kwa jamii na mazingira, bosi kaniangushia mimi, na mimi nimesomea uhasibu. Nimepewa ripoti iliyopita eti niifuate hiyohiyo. Nimeisoma yote, miti tuliyopanda, madaftari tuliyogawa, picha za wafanyakazi na tisheti mpya wanaokota takataka, halafu mwishoni imeandikwa "tumegusa maisha ya watu laki tatu". Nimeuliza hiyo laki tatu imetoka wapi, hakuna anayejua, kila mtu ananielekeza kwa mwenzake.

Nilichonacho ni bili za maji na umeme, risiti za dizeli, mishahara na manunuzi. Wajuzi naanzia wapi, na kipi nikiache?

MitaYaMaji

Mkuu pole, ila mhasibu ndo mtu sahihi kabisa, hii kazi ni hesabu za stoo zilizovalishwa suti. Cha kwanza chora mpaka, unahesabu kuanzia wapi mpaka wapi, maana udanganyifu mwingi kwenye hizi ripoti haupo kwenye namba, upo kwenye mpaka.

Kwenye kaboni wengi wanafuata GHG Protocol, mwongozo wa kuhesabu gesi zinazopasha dunia joto, iko tangu 2001, waliitengeneza WRI (taasisi ya utafiti wa mazingira) na WBCSD (umoja wa makampuni makubwa). Wanagawa skopu tatu, yaani mafungu ya gesi kulingana na zinakotoka. Ya 1 ni unachochoma mwenyewe, boila, jenereta, magari yenu, pamoja na gesi za kupozea zinazovuja. Ya 2 umeme unaonunua. Ya 3 ni mengine yote, yako makundi 15, na kwa watu wa vinywaji mzigo ndo uko huko: chupa na makopo, sukari, malori ya kukodi, na friji za madukani. Hizo friji usizichukulie poa, zinawaka usiku na mchana, umeme analipa mwenye duka kwaiyo kwenye bili zako hutaziona hata siku moja, na zile za zamani zenye gesi ya R134a kilo moja tu ikivuja ni sawa na zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dayoksaidi. Ukiripoti skopu 1 na 2 peke yake umeripoti geti na ofisi.

Maji nayo hivyohivyo. Kiwandani unagawa lita za maji ulizotumia kwa lita za kinywaji ulizotoa, viwanda vizuri vya soda vinacheza karibu na 2. Wakubwa wanapenda sana hiyo namba kwa sababu ni ndogo. Sasa ingia shambani uone. Mwaka 2010 Coca-Cola na shirika la uhifadhi The Nature Conservancy walipima soda ya nusu lita iliyotengenezwa Dongen, Uholanzi, kwa sukari ya biti, wakapata lita 35 za maji. Mwaka uliofuata watafiti Ercin, Aldaya na Hoekstra wakapiga hesabu ya soda ya nusu lita yenye sukari kutoka nchi mbalimbali, wakapata kati ya 169 na 309. Soda ni ileile nusu lita, kinachocheza ni sukari imelimwa wapi, imemwagiliwa au imekula mvua, na nini kimeingizwa kwenye hesabu. Kwaiyo kabla ya yote muulize mtu wa manunuzi sukari inatoka shamba gani, akikujibu "inatoka kwa sapulaya" ujue kazi bado.

Na lita sio lita, kuvuta maji sehemu yenye mito ya kutosha sio sawa na kuvuta pale wanapopanga foleni kisimani. Ramani za Aqueduct za WRI, zinazoonyesha wapi maji ni ya shida, ni za bure, weka viwanda vyako na mashamba ya sukari humo uone yamekaa wapi.

Chupa_Tupu

Usanii mtupu hizi ripoti. Ingekuwa enzi za kutojua sawa, lakini Coca-Cola walishalipia utafiti wa kulinganisha vifungashio tangu 1969, chupa moja inakula nishati na malighafi kiasi gani kuanzia mwanzo wa uzalishaji mpaka inatupwa. Miaka yote hiyo na bado utafiti wa 2024 kwenye jarida la Science Advances, taka za plastiki zilizookotwa nchi 84, zaidi ya nusu hazisomeki ni za nani, na kati ya zenye jina asilimia 11 ni zao. Kwaiyo ndugu Kizibo andika namba mbili tu, chupa ulizouza na chupa zilizorudi. Usiniambie "chupa zetu zinaweza kurejelezwa", kuweza ni kitu kingine, imerejelezwa au haijarejelezwa?

Kizibo

@Chupa_Tupu umeongea kwa hasira ila una pointi. Sisi tuna chupa za kioo za kurudisha na za plastiki. Bosi anasema kioo ndo rafiki wa mazingira, andika hivyo. Niandike?

MitaYaMaji

Inategemea chupa moja inazunguka mara ngapi. Kioo ni kizito na kuyeyusha kioo kunakula moto wa kutosha, chupa ikizunguka mara mbili tatu ikavunjika hamna ulichookoa. Na hiyo namba unayo tayari kwenye vitabu vyako. Chukua chupa mlizojaza mwaka mzima, gawa kwa chupa mpya mlizonunua kufidia zilizovunjika na kupotea. Mfano mmejaza milioni 6, mmenunua mpya laki 3 za kufidia, wastani ni mizunguko 20. Ila toa kwanza zile mlizonunua kwa ajili ya kuongeza soko, ukizichanganya utajipunja. Baada ya hapo weka na maji na joto la kuoshea, pamoja na dizeli ya lori linalorudisha kreti tupu, ndo umwambie bosi.

DadaWaMahesabu

Mmekomaa na mazingira watu mmewasahau. Kaka Kizibo hiyo laki tatu ifute. Najua zinavyopikwa, wanachukua kila duka linalouza soda wanazidisha kwa watu wa nyumba nzima. Sasa mwenye duka anauza na sabuni na vocha, wewe unamhesabu mzima mzima kama ajira yako? Na kampuni yako isingekuwepo si angeuza soda ya mwingine? Swali la kujiuliza ni nini kimebadilika kwa sababu nyie mpo, kisha uende ukaulize watu. Shirika la misaada la Oxfam America walikaa na Coca-Cola na SABMiller, iliyokuwa kampuni ya bia na soda, wakafuatilia mnyororo mzima kule Zambia na El Salvador, ripoti ikatoka 2011, kuanzia wakulima wa miwa, madereva, mpaka maduka madogo. Hapo ndo unakutana na mambo ambayo mishahara ya kiwandani haikuonyeshi, mfano vibarua wa mkataba, mkata miwa analipwaje, muuza duka anabaki na shilingi ngapi kwa kreti, aliyeumia kwenye lori nani alimtibu.

Halafu kinywaji chenyewe mbona hamkitaji! Soda ya mililita 330 inabeba sukari kama gramu 35. Miongozo ya WHO ya 2015 inasema sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayopata kwenye chakula kwa siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Uingereza walipoweka kodi Aprili 2018 kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, kampuni nyingi zilishapunguza sukari kabla hata tarehe haijafika. Wastani wa sukari kwa lita mliyouza, mwaka hadi mwaka, uweke ukurasa wa mbele. Bosi hatapenda.

Kizibo

Hapendi hata haya mengine 😅 anataka alama moja ya kumuonyesha mwekezaji, kama mtihani.

DadaWaMahesabu

Mwambie B Corp, wale wanaotoa cheti kwa kampuni zinazojali jamii na mazingira, walikuwa na mtihani huo, pasi ilikuwa alama 80 kati ya 200, kampuni ilikuwa inafeli huku inafidia kule. Viwango vipya vya 2025 wameachana na kujumlisha, kila eneo lina kiwango chake cha chini. Miti haifuti sukari.

Kizibo

Sawa, wiki hii naanza na chupa na friji. Ila stoo wanasema hawana orodha ya friji.

MitaYaMaji

Stoo hawawezi kuwa nayo, iko kwa watu wa mauzo, kwenye mikataba ya maduka. Omba na orodha ya fundi wa friji, anaandika kila mtungi wa gesi anaojaza, hapo utajua zimevuja kiasi gani.