Nilipeleka bunduki ya babu ya .303 Arusha kuzibwa ufa wa kitako, nimerudishiwa karabini ya plastiki

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kuna karakana ya silaha pale Arusha, ina kibali ukutani na wateja wanaojiheshimu. Niliwapelekea bunduki ya familia kwa kazi mbili tu: kuziba ufa kwenye kitako na kubadilisha springi ya kifyatulio iliyokuwa imelegea. Zote mbili zimeandikwa kwenye karatasi, nimesaini mimi na wamesaini wao. Bei tulikubaliana laki moja na nusu.

Nilichokabidhiwa sikukitambua. Mtutu umekatwa. Mbao zote zimeng'olewa. Kitako ni cha plastiki nyeusi, tena cha kukunja. Juu ya mwili wa bunduki wametoboa matundu na kufunga reli ya darubini ambayo sikuiagiza, na chuma chote kimepuliziwa rangi ya kopo. Bili: milioni moja na laki mbili. Fundi mkuu ananipa huku anatabasamu: "Kaka, tumekuboreshea. Sasa hivi hii ni karabini ya kisasa, unaiweka hata nyuma ya siti ya gari."

Jina la karakana sitalitaja. Suala limeshafika polisi na sitaki kuliharibu kwa mdomo. Msinifuate PM kuliuliza.

Sasa niwaeleze walichokiharibu, maana kuna watu wataona ni chuma kizee tu.

Ile ni Lee-Enfield fupi, ile ya .303 ambayo Waingereza walipigania vita kuu zote mbili. Upande wa kulia, kwenye shingo ya chuma juu ya kitako, kuna mhuri wa taji, herufi GR za Mfalme George, jina la kiwanda cha Enfield, mwaka 1917, na chini yake alama ya modeli, SHT.L.E. III*. Sisemi kwamba hii yenyewe ilipigana hapa kwetu, sina ushahidi huo. Lakini majeshi ya Jenerali Smuts, upande wa Waingereza, yalipoingia Moshi Machi 1916, bunduki za ukoo huu ndizo zilizokuwa mabegani. Upande wa Mjerumani, askari wengi wa kamanda wao Lettow-Vorbeck walianza vita na bunduki ya modeli ya 1871, ya baruti nyeusi, ambayo kila ukipiga inatoa wingu la moshi linaloonyesha ulipojificha. Ndiyo maana baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, zile bunduki za kisasa walizoziteka kwa Waingereza zilikuwa neema kubwa kwao.

Babu alikuwa KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na malaria. Aliyoibeba kule ilibaki kwa mfalme, bila shaka. Miaka ya sitini, mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alipokuwa anafungasha kuondoka, babu akanunua hii kwake kihalali, polisi wakaandika, leseni ikatoka. Alisema aliichagua kwa sababu mikono yake ilishaizoea. Kutoka kwake ikaenda kwa baba, na sasa iko kwa jina langu. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kiko juu mlimani ila mahindi tunalima tambarare, na wanaolima huko wanajua nguruwe pori wanavyoweza kumaliza shamba usiku mmoja. Silaha ina kazi. Haikuwa pambo la sebuleni.

Nilipotoka Arusha nikaipeleka moja kwa moja kwa mzee mmoja hapa Moshi, fundi wa silaha mstaafu wa jeshi. Aliikagua kimya. Kisha akaniambia: "Mwanangu, usiipige hii hata risasi moja." Akanionyesha sababu moja baada ya nyingine, na hapo ndipo hasira iliponishika hasa.

Mdomo wa mtutu wameukata kwa msumeno wa chuma wa mkono na kuupitishia grainda. Mdomo wa mtutu ndicho kitu cha mwisho risasi kukigusa. Lazima uwe sawasawa pande zote, umekerezwa kwenye mashine, hauna kinundu hata kidogo. Ukiwa umeegemea upande mmoja, gesi inachomokea upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Huu wangu umeinama hadi unaonekana kwa macho, na ndani kuna ukingo uliokunjamana unaokwaruza kidole.

Kidungu cha mbele cha kulengea kilikuwa kwenye kile kipande walichokikata, kimeondoka nacho. Kile cha nyuma, chenye vipimo vya kuanzia yadi 200 hadi 2,000, wamekifumua ili reli yao ikae. Na darubini hawakuweka! "Utanunua kwetu, tunazo nzuri." Kwa hiyo nimetozwa zaidi ya milioni kwa bunduki isiyo na kitu chochote cha kulengea.

Mbao nazo. Hawa wanadhani mbao ya Lee-Enfield ni nguo tu, unavua hii unavalisha ile. Si hivyo hata kidogo. Mbao ya mbele imechongwa ibane vizuri kwenye mabega ya chuma karibu na kifyatulio, na huko mbele kuna kipini chenye springi kinachousukuma mtutu kwenda juu kwa nguvu ndogo iliyopimwa. Mtutu wa bunduki hii ni mwembamba, unatikisika unapopiga, na mpangilio huo wote upo ili utikisike vilevile kila mara. Ukiitupa mbao umetupa nusu ya shabaha. Wao wameweka plastiki iliyofungwa kwa skrubu mbili, na ukiishika mkononi inacheza.

Kitako cha zamani kilikuwa na bamba la shaba nyuma, lenye kidirisha. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha shaba cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, vya zamani zile zile. Nimeuliza viko wapi. Wameniambia kitako kilitupwa. Sikuwaambia watupe. Niliwaambia wazibe ufa!

Wakati nabishana naye, fundi akanitolea simu kunionyesha picha za Lee-Enfield zilizofupishwa, akasema "hata Waingereza wenyewe walizifupisha, hii ni Jungle Carbine." Hapa nilishindwa kunyamaza. Ile anayoisema ni modeli No. 5, ilitengenezwa kuanzia 1944 hadi 1947, na msingi wake ni modeli No. 4, bunduki tofauti na yangu. Ilitoka kiwandani ikiwa na takriban kilo 3.2, mtutu wa sentimita karibu 48, na koni ya kuficha mwako mbele. Chuma kilipunguzwa sehemu zilizopimwa na wahandisi, haikuwa kazi ya mtu na msumeno. Na pamoja na ujuzi wao wote, askari waliilalamikia kwa teke lake na mlio wake, na jeshi likalalamika kwamba shabaha yake inahama: unaiweka sawa leo, kesho inapiga pengine. Waliiacha mapema, huku bunduki ndefu ikiendelea kutumika. Kama wenye kiwanda walihangaika, wewe wa uchochoroni unajaribu kwenye mali ya mtu bila kumuuliza?

Risasi ya .303 ya aina ya Mk VII ina kichwa cha gramu 11 na ushee, na kwenye mtutu wa urefu wake kamili inatoka kwa mwendo wa mita kama 744 kwa sekunde. Mtutu ukiwa mfupi baruti haimalizi kuungua ndani, inaungulia nje, mbele ya uso wako. Mwendo unapungua, mwali unaongezeka, mlio unapasua masikio. Ukipiga usiku shambani, baada ya risasi ya kwanza huoni tena nguruwe wala mahindi.

Najua yupo atakayesema Marekani wanafanya sana mambo haya. Ni kweli. Baada ya Vita ya Pili silaha za ziada za majeshi ziliuzwa kule kwa bei ya kutupa, miaka ya 50 na 60, na watu wakanunua Lee-Enfield na Mauser za Kijerumani wakazikata kuwa bunduki za kuwindia. Lakini kila mmoja alikata ya kwake. Na leo wakusanyaji wa huko huko wanalipa fedha nyingi zaidi kwa ile ambayo haikuguswa kuliko iliyokatwa.

Na mimi sipingi kazi ya kugeuza bunduki ya kijeshi kuwa ya kuwindia, ikiwa fundi ni fundi. Rigby, mtengeneza bunduki wa London, alikuwa anachukua mitambo ya Mauser kutoka Ujerumani na kuitengenezea bunduki zinazotafutwa hadi leo. Bell, yule mwindaji wa tembo waliyemwita Karamojo, aliitumia sana .275 ya Rigby, ambayo ni risasi ile ile ya 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza. Hiyo ni kazi ya mtu anayepima na kukereza, na kuanza kwake ni mwenye mali kusema anataka nini. Mimi sikusema. Karatasi ipo.

Niwaambie sasa la hatari kuliko yote, lile lililomfanya mzee anikataze kupiga.

Bolti, yaani komeo la chuma linaloifunga risasi ndani ya bunduki, si yangu.

Kwenye Lee-Enfield namba ya silaha hugongwa sehemu kadhaa: kwenye mwili, kwenye mtutu, kwenye mkono wa bolti, hata kwenye kifuniko cha chuma cha mbele. Haikuwa mapambo. Bolti ya bunduki hii inajifunga kwa nyuma, na fundi wa jeshi aliisawazisha na mwili wake mpaka ikabana pande zote mbili, ndipo wakagonga namba ile ile ili zisichanganywe. Kichwa cha bolti nacho huchaguliwa ili nafasi iliyobaki nyuma ya risasi iwe ndogo inavyotakiwa. Ukiweka bolti ya bunduki nyingine bila kupima, nafasi ile inaweza kuzidi. Ganda la risasi linavutika, linakatika, na gesi ya moto inarudi nyuma kwenye jicho na shavu la aliyelenga. Mzee alipima akakuta nafasi imezidi. Pia alinionyesha chuma kilichobadilika rangi karibu na chemba, pale risasi inapokaa, chini ya ile rangi ya kopo. Hapo wamechomelea kitu. Chuma kile kimepitishwa kwenye moto kiwandani ili kiwe kigumu, ukikichomelea ovyo unakilainisha mahali ambapo nguvu yote ya risasi inaegemea.

Bolti yangu ya 1917, yenye namba ya leseni yangu, haipo. Nimempigia fundi mkuu simu, amesema "ile ya zamani ilikuwa imelika, tukakuwekea nyingine." Haikuwa imelika. Na hii nyingine imetoka kwenye bunduki ya nani?

Leseni yangu imeandika aina ya silaha, kalibre na namba. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, haichezewi. Nikisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kitu kifupi cheusi chenye kitako cha kukunja na bolti ya namba ya mtu mwingine, nimweleze nini askari? Bunduki ndefu ya mkulima kila mtu anaielewa. Hii iliyotoka pale inafanana na silaha za majambazi, na mwenye leseni ni mimi.

Kwa hiyo nimeikabidhi polisi pamoja na ile karatasi na nimeandikisha maelezo. Bili sijalipa na sitalipa. Ninachodai: bolti yangu, kipande cha mtutu chenye namba, mbao zangu hata kama zimepasuka, bamba la shaba, kichupa na kamba. Mtutu hauungwi, hilo najua, na fidia yake itazungumzwa mbele ya wanasheria.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kwa nini nisiipige tu kuona kama ni nzima, soma tena sehemu ya bolti. Na aliyesema niwauzie wao hiyo karabini nimalize yaishe, silaha haiuzwi kama simu, na hata ingekuwa inauzwa hivyo nisingewapa hawa.

NYONGEZA 2: Wadau wawili wameniandikia kwamba nao walipeleka .303 zao karakana ambayo wanaamini ni hiyo hiyo. Mmoja yuko Karatu. Ameangalia mkono wa bolti yake baada ya kusoma uzi huu, na namba haifanani na ya kwenye mwili. Nimempa namba ya bolti niliyobandikwa mimi na si yake pia. Maana yake kuna bunduki ya tatu, labda na ya nne. Kama una Lee-Enfield iliyowahi kulala karakana yoyote Arusha, toa bolti leo, soma namba kwenye mkono wake, ilinganishe na ya kwenye mwili. Zikitofautiana usiweke risasi. Nenda nayo polisi ulikosajiliwa, wape namba zote mbili waandike, halafu uwatajie na uzi huu, maelezo yangu yako kituo cha kati Moshi.