Uliyewahi kutoa trekta la zamani ukaongeza hela ukachukua jingine, njoo tupeane uzoefu

Mzee wa Mbuga
Wakuu habari za leo. Kila mwaka Nane Nane ikiisha watu wanarudi na vipeperushi vya matrekta mapya na swali ni lile lile, hili langu la zamani nalifanyaje, niuze mwenyewe kupitia dalali au nimpe huyu huyu muuzaji nimwongezee hela juu. Naanza na yangu, mtanicheka ila poa tu.

Nilikuwa na Massey Ferguson (MF) 290, lile la injini ya Perkins silinda nne, nililinunua mkononi kwa mtu nikalimia nalo Kibaigwa na Kiteto misimu sita. Oili inavuja kwenye haidroliki, klachi imeanza kuteleza, na nikienda shamba la mbali nambeba fundi kwenye tela kama abiria wa kudumu. Nikasema basi. Kuna duka la mashine mjini wanapokea la zamani wanakupa mtumba ulioingia karibuni, fowili (linavuta kwa magurudumu yote manne), nguvu za farasi (hp) 50. Mimi si mjanja, nikaliosha la kwangu nikalipiga rangi nyekundu upya mpaka boneti unajiona sura, laki nne na nusu ikaondoka. Fundi wao alipokuja boneti hata hakuitupia jicho. Akaingia chini, akachukua bisibisi akakwangua rangi pale kwenye maungio ya giaboksi, akaniuliza, bosi, hapa umepaka juu ya grisi? Nikabaki natazama viatu vyangu. Wakasema milioni 14, wakati mtaani kuna mtu alishanitajia 18 likiwa bado chafu. Rangi ndiyo iliyoniponza, wakaona nina kitu nakificha.

Hiyo nilimeza. Kilichoniuma kilikuja shambani. Nilibaki na jembe langu la diski tatu ambalo 290 lilikuwa linalivuta huku dereva anapiga mluzi. Sasa hili la hp 50 kwenye ule udongo mweusi wa mbuga likishusha jembe pua inanyanyuka juu, linakata pumzi, linazima. Ikabidi nitafute jembe la diski mbili, hela ambayo sikuipangia kabisa, na eneo nililokuwa namaliza kwa siku moja sasa ni siku na nusu. Dizeli imepungua kweli, sikatai. Lakini hakuna aliyeniuliza "jembe lako ni la diski ngapi" na mimi mwenyewe sikujiuliza, akili yote ilikuwa kwenye boneti.

Mama Jaruba
Pole kaka, hapo kwenye boneti nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂

Mimi niko Mbarali, nilikuwa na pawatila mbili (vile vitrekta vya mkono vya magurudumu mawili), moja ni ya marehemu baba toka enzi za Kilimo Kwanza. Nilitaka nizitoe zote mbili niongeze hela nichukue trekta dogo. Nimezunguka maduka matatu, wote wananiambia mama pawatila hatupokei, leta trekta. Mmoja akasema atanipa milioni moja na nusu kwa zote mbili kama ananisaidia vile. Nikarudi nazo nyumbani. Kumbe wanunuzi walikuwepo hapa hapa kijijini na si wakulima, ni vijana wa matofali na mchanga, wao hawana shida na kulima wanataka kifaa cha kuvuta tela tu, wakanipa milioni mbili na laki mbili kwa ile moja nzima na ile ya baba wakaichukua ya spea. Yale magurudumu ya chuma ya kuingilia majarubani nikayauza peke yake kwa jirani. Duka wangeyabeba humo humo bure na mimi nisingekumbuka hata kuuliza.

Dereva Mstaafu
Mnaongelea bei, mimi naongelea kadi ya usajili. Nilitoa Ford 6600 nikaongeza hela nikachukua Swaraj, tukaandikishiana karatasi tukapeana mikono nikaondoka na furaha zangu. Kadi ikabaki kwenye jina langu, jamaa akasema atabadilisha akipata mteja. Mwaka na nusu baadaye napigiwa simu na polisi wa mkoa ambao sijawahi kuukanyaga, naambiwa trekta lako limegonga nguzo ya umeme usiku, tela halina taa, dereva kakimbia. Nawaambia sina trekta hilo, wananisomea jina langu lote mpaka la babu. Nilipanda basi na ile karatasi ya mauziano kwenye mfuko wa ndani, nikaizungushia na nailoni maana ilikuwa msimu wa mvua. Siku hizi nikiuza hata tela tunaongozana TRA wote wawili, sitoki mpaka nione jina limehama.

Kijana wa Haro
Kwa hiyo mzee nguzo ulilipa?

Dereva Mstaafu
Sijalipa. Karatasi iliniokoa, ila nauli na siku nne hakuna aliyenirudishia.

Fundi Spana 19
Mimi ni fundi, na nimeshafanya kazi ya kukagua haya ya kupokelewa kwahiyo nawaambia tunachoangalia. Cha kwanza ni injini ikiwa ya baridi, ukiambiwa njoo saa nne uone mashine wewe nenda saa moja asubuhi uishike injini kwa mkono, ikiwa ya moto ujue imeshawashwa kufichwa kitu. Moshi wa bluu unaoendelea hiyo inakula oili, ringi zimekwisha mara nyingi. Mweusi unaweza kuwa nozeli au hata filta ya hewa tu imeziba, usiogope haraka. Mita ya masaa nyingi zimekufa au zimebadilishwa, mimi naangalia raba za pedali na usukani unavyocheza, trekta la masaa elfu moja pedali yake haiwezi kuwa imelika mpaka chuma kinang'aa. Haidroliki nayo ni rahisi sana kuipima, nyanyua jembe juu, zima injini, nenda kanywe chai, ukirudi ukalikuta limelala chini ujue kuna kazi humo ndani. Na PTO (ile shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine nyingine) ifungwe kitu izunguke, wengi hawaijaribu kwa sababu hawaitumii, halafu siku wakinunua mashine ya kupukuchulia mahindi ndio wanakumbuka.

Ukipeleka la kwako usipake rangi jamani. Badilisha oili, filta, weka betri nzima liwake kwa mara moja. Uchafu wa shamba hautuogopeshi.

Shamba Kitale
Wacha niwaambie ya huku kwetu Trans Nzoia. Nilikuwa na MF 240, nikaamua kubadilisha nichukue 375. Kosa langu ni nilipeleka Februari, yangu ikachukuliwa siku hiyo hiyo, nikaambiwa hiyo ingine iko njiani wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, nikipiga simu naambiwa makaratasi, mara logbuku, mara bandari. Mvua ikashika Machi mimi bado nangoja. Unajua nililimiwa na nani? Ile 240 yangu waliiuzia jirani yangu, kwa hivyo nilimlipa jirani anilimie shamba na trekta yangu mwenyewe, na dereva alikuwa ni yule yule wangu. Mpya ilifika Aprili watu wakiwa wanapalilia.

Mama Jaruba
Dereva alikusalimia lakini? 😂😂

Shamba Kitale
Alinipigia honi.

Hesabu Kwanza
Nyie wote mmeangalia bei mliyopewa ya la zamani, mimi nilijifunza kuuliza kitu kingine. Duka lilinipa milioni 16 kwa la kwangu, nikafurahi sana maana dalali alikuwa amegota 13. Jipya limeandikwa 46, kwahiyo naongeza 30. Nikamtuma shemeji yangu aende kama mteja mwingine, mwenye cash, hana la kutoa. Akapewa lile lile kwa 42 na nusu bila hata kubembeleza sana. Piga hesabu mwenyewe, kumbe la kwangu walikuwa wananipa milioni 12 na nusu, ile tatu na nusu ilikuwa imepandishwa kwenye jipya halafu narudishiwa kama zawadi. Nikamuuzia mtu wa dalali kwa 13, nikamkatia dalali chake, nikabaki pale pale karibu sawa na duka. Kwahiyo sisemi duka ni wezi, kuna usumbufu wanakuondolea, ila ujue unachokilipia.

Kijana wa Haro
Mzee wa Mbuga, lile jembe la diski tatu bado lipo? Mimi nina MF 385 halina jembe.

Mzee wa Mbuga
Lipo, limelala chini ya mwembe. Njoo inboksi.

Kijana wa Haro
Beringi zina hali gani?

Mzee wa Mbuga
Mbili safi, ya diski ya nyuma inalia. Na halijapakwa rangi.