Kuweka moteri ya 4A-GZE ya okazioni ndani ya MR2 ya zamani

Wa Kamalondo: Wakubwa, niko Lubumbashi na Toyota MR2 AW11 (MR2 ya kwanza) yenye moteri ya 4A-GE, isiyo na kompresa. Nimeonyeshwa 4A-GZE ya okazioni (iliyokwisha kutumika) kutoka Japani, na kompresa yake, ile inayosukuma hewa ndani ya moteri. Itaingia? Nichunguze nini mbele ya kulipa?

Fundi wa Katuba: Itaingia, ndugu, kwani Toyota yenyewe iliuza AW11 yenye moteri hiyo. Lakini usinunue moteri tupu! Dai kompyuta yake, nyaya zote, kipima hewa na injekta. Kompyuta ya 4A-GE yako haijui kuwasha klachi ya kompresa, na injekta zake ni ndogo: moteri itakosa esansi chini ya mgandamizo, igonge, pistoni zitoboke. Pima kompresheni, silinda zisipitane zaidi ya bar 1. Kisha ipe klachi ya kompresa volti 12: isikike "ta!" Zungusha puli yake kwa mkono. Ikikwaruza, acha. Kompresa ina oili yake, mbali na ya moteri. Ikiwa imevuja, huenda gia zake zimekwisha kulika.

Mukubwa wa Ruashi: Naongeza bwati (giaboksi). Bwati ya C50 ya 4A-GE haitavumilia nguvu hiyo. Tafuta bwati ya E51 pamoja na shafti zake za magurudumu.

Wa Kamalondo: Aksanti sana. Na joto?

Fundi wa Katuba: Radiatere iko mbele, moteri nyuma, kwa hiyo hewa hunaswa kwenye mabomba marefu. Itoe kwa vali za radiatere na za hita, polepole, hadi maji yatoke bila mapovu. Kuharakisha hapa ndiko kunakounguza jointi ya kichwa cha moteri.