Wenye pikipiki kubwa za rafurodi (DR650, Himalayan, Tenere na wenzake) tupeane uzoefu: umeongeza nini na kimekusaidia nini

Hamsini na Saba
Wakuu salama. Kila siku humu ni Prado na Rav4, sisi wenye pikipiki kubwa za vumbi hatuna pa kusemea, na ukienda kuuliza huko nje unajibiwa na mtu wa Australia ambae spea inamfikia mlangoni. Sasa tufanye hivi, kila mwenye chombo cha kuanzia cc 300 mpaka 700 hivi aseme ana nini, anapita wapi, kafunga nini na kimemsaidia nini kwa mazingira ya kwetu. Picha sio lazima, bando tunajuana.

Naanza mimi. Nipo Mbeya, nina Suzuki DR650. Kwa wasioijua ni pikipiki ambayo umbo lake ni lile lile toka 1996, cc 644, silinda moja, inapozwa na upepo na oili, kabureta, gia tano, hamna ABS hamna kompyuta. Mi nimeipendea hicho hicho, fundi yeyote aliyezoea kufungua kabureta haimtishi. Ila inavyotoka kiwandani ni laini mno. Springi zake ni za mtu mwepesi asiye na mzigo, sasa wewe una kilo 90, umepakia begi, hema na dumu la maji, nyuma inakaa chini mbele inanyanyuka, ukiingia kwenye kokoto usukani haukamati kabisa. Watu wengi wakifika hapo wanakimbilia taa na maboksi. Kwangu hela ya kwanza iende kwenye springi, mbele na nyuma.

Kujua kama springi ni saizi yako sio uchawi. Inua pikipiki tairi la nyuma lielee, pima toka ekseli mpaka alama yoyote juu kwenye madigadi, halafu ishushe ukae na mzigo wako wote, mwenzio apime tena. Tofauti iwe kama theluthi ya mwendo wote wa shokapu. DR650 mwendo wake ni mm 260 kwahiyo izame 85 mpaka 90 hivi. Ikizama 120 na umeshaikaza mpaka mwisho, hiyo springi haikufai, badili, usiendelee kukaza.

Kingine sproketi ya mbele nimetoka meno 15 nikaenda 14. Ni kama asilimia 7 tu lakini kwenye zile kona 57 za kutoka Chimala kupanda Matamba unaiona, gia ya kwanza inakuwa ya kutambaa kweli sio ya kushikilia klachi. Kwenye lami injini inapiga kelele zaidi, navumilia. Na ukishaenda 14 chungulia ile plastiki inayokinga cheni juu ya mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma), italika haraka.

Tangi la kiwandani ni lita 13, halitoshi. Yapo ya plastiki ya lita 20 na mengine 30, mi nilichukua la 20 maana 30 ikijaa ni jiwe. Karibuni.

Nduthi ya Bonde
Sasa wadau. Mimi niko Rongai, niko na Royal Enfield Himalayan 411. Wengi hucheka hiyo nguvu yake, farasi 24 na kitu, na uzito karibu kilo 200, na ni ukweli kwa barabara kubwa ukijaribu kupita lori unaanza kuomba. Lakini hii kitu inavuta kutoka chini, na kiti kiko mm 800 tu, mguu inafika chini yote. Kutoka Magadi kwenda upande wa Shompole na Nguruman huko chini hakuna mtu anahitaji farasi 70.

Kitu nilifanya kwanza ni tairi. Zile zilikuja nayo ni za lami zaidi, nikaweka za meno nusu kwa nusu. Lakini tairi bila kupunguza upepo ni kazi bure, ukitoka lami shuka mpaka PSI 20 hivi mbele na 22 nyuma, ukibeba mzigo ongeza kidogo. Watu huniambia eti hiyo itatoboa tyubu. Ukienda polepole haitoboi, ukigonga jiwe na 80 hata ukiwa na 33 rimu itapinda tu.

Usukani niliinua kwa vipande vya alumini chini ya klempu, nikisimama kwa vikanyagio mgongo haunisumbui. Hiyo naweza sema ndio pesa ndogo imefanya kazi kubwa. Na mtu wa jua kali hapa akanitengenezea keria ya kushikilia mifuko pembeni, bomba nyepesi, boli nne, mtu anaweza kunyoosha na nyundo popote.

Nimefika nayo Loiyangalani kupitia Maralal, Baragoi na South Horr. Yale mawe meusi karibu na ziwa ndio mtihani, na upepo manze, si bure waliweka ile mitambo 365 ya umeme wa upepo huko. Kama hutaki mateso rudi kupitia Laisamis, mradi huo ndio ulitengeneza hiyo barabara, kilomita 208. Ile bati ya chini ya injini inakuja nayo kutoka kiwandani, na kwa hayo mawe ililipa.

Boksa Halichoki
Mimi nina Boxer nimefunga tairi za meno na keria ya chuma, naruhusiwa kuchangia au mpaka niwe na cc 300 😂

Hamsini na Saba
@Boksa Halichoki changia mzee, nyie ndio mnatupita na magunia mawili ya viazi sisi tumeshusha upepo tunapiga picha.

Boksa Halichoki
Basi hii ya bure. Zile hendigadi (vikinga mikono kwenye usukani) za plastiki zenu zinakinga majani tu, ukianguka leva ya klachi inakatika vilevile. Sisi boli ya leva hatuikazi mpaka ikalala, inaachwa ikamate kiasi tu, ukianguka leva inazunguka kwenye usukani haikatiki. Unairudisha na mkono unaondoka. Au nyie fungeni zile zenye chuma ndani.

Engaresero Boy
Arusha hapa. Nina Yamaha XT660Z Tenere, silinda moja, hii ilitengenezwa 2008 mpaka 2016, tangi lita 23 na hilo tangi ndio sababu ya kuichukua. Nilinunua kwa msafiri aliyekuwa anamalizia safari yake ya Afrika, wapo wengi wanaoishia Arusha au Moshi hawataki kurudi na pikipiki kwao. Sasa hapa wenye mpango huo nisikilizeni vizuri. Pikipiki nyingi za hawa jamaa zimeingia kwa karatasi za muda za forodha, maana yake chombo kinatakiwa kitoke nchini au kilipiwe ushuru. Usitoe hata mia kabla hujaenda nae TRA mkajua ushuru ni kiasi gani, kwa sababu bei atakayokutajia ni tamu na ushuru unaweza ukaikaribia. Ukilipia ukapata kadi na namba ya kwetu hapo ndio pikipiki ni yako.

Kuhusu kuimodifai, hii kazi yake kubwa ni kupunguza. Ilikuja na maboksi ya alumini mawili, keria ya chuma nzito, ngao kubwa za pembeni. Nimeuza maboksi. Najua wengi mnayapenda kwa sababu yanafungwa na kufuli na ukifika hotelini unaonekana wa maana, ila njia ya Mto wa Mbu kupita Engaruka mpaka Natron ina vumbi la majivu ya volkeno, laini hatari, linaficha mitaro iliyochimbwa na magari, na ukiyumba humo mguu unashuka wenyewe chini kutafuta ardhi, boksi linakuja kwa nyuma linaukamata. Mguu unavunjika ukiwa kwenye mwendo wa kutembea. Mifuko ya turubai ikikugonga haikufanyi kitu.

Ngao za pembeni nimebakiza kwa sababu radieta ipo palepale inapoangukia.

Sanduku la Bati
@Engaresero Boy napingana kidogo kiongozi. Mi nipo kazini na pikipiki, natembelea vijiji, nabeba laptopu na makaratasi, mvua ya Kigoma hiyo turubai gani inaizuia? Boksi langu nalala nalo nje ya gesti na hakuna aliyegusa. Labda tuseme anaecheza kwenye mchanga aweke mifuko, anaefanya kazi aweke boksi.

Engaresero Boy
@Sanduku la Bati hapo sawa. Ila weka laptopu kwenye begi la mgongoni, mtikisiko wa boksi la chuma unaua laptopu kabla ya mvua.

Mwana wa Dom
Na wafupi tupo jamani, tena wa kike. DR650 kama ya mleta mada, urefu wangu futi tano na inchi mbili. Kabla hamjaanza kuniambia nikate sponji la kiti, hii pikipiki kiwandani imewekewa nafasi ya pili ya kufunga shokapu, na foki nazo zinashushwa kwa ndani, kiti kinatoka mm 885 kinakuja 845. Mafundi wengi hawajui, wanakuuzia vyuma vya kushushia ambavyo vinaharibu mpangilio mzima, nyuma inashuka mbele inabaki juu. Ukishusha shusha kote, na stendi ya pembeni uikate ichomelewe upya, la sivyo pikipiki inasimama wima inaangukia upande wa pili.

Kiti nilipeleka kwa fundi anaeshona viti vya magari, akachonga pembeni tu pale mapaja yanapopita, katikati kapaacha. Inasaidia kuliko kupunguza juu maana ukipunguza juu unakalia chuma. Mguu mmoja unafika vizuri, wa pili vidole, inatosha. Kwenye korongo natangulia kutembea kwa mguu kuangalia wapi pa kusimama, wanaume wangu wa msafara wananicheka halafu wanapita nilipopita mimi.

Fundi Spoki
Mi naandika kwa upande wa gereji, nipo Moshi, hizi 650 na 660 zinanipitia. Mnaongelea vya nje sana. Kinachoua injini huku kwetu ni vumbi, na kitu cha kuanza nacho ni filta ya hewa. Ile ya karatasi badilisha weka ya sponji inayopakwa oili, osha kwa mafuta ya taa, kamua usisokote, kisha sabuni, kausha, paka oili yake mpaka rangi ienee, na ukingo wake paka grisi. Ukifungua ukapitisha kidole upande wa injini ukakuta vumbi, ujue ringi zimeshaanza kuliwa. Njia ya vumbi zito funika filta na soksi ya kike ile nyembamba, ukifika unatoa soksi tu unakung'uta, filta hujaigusa.

Cheni: kwenye mchanga msimwage oili, inageuka msasa. Futa, acha kavu au paka ile ya nta. Na msikaze kama waya wa gitaa, pikipiki zenye mwendo mrefu wa shokapu zinataka cheni ilegee kidogo, kaa juu yake na mzigo ndio uangalie.

Umeme nao. Mtu anafunga taa nne, chaja, na honi ya lori, zote kaunganisha kwenye waya wa taa kubwa na selotepu. Weka relei (swichi inayobeba umeme mkubwa) na fyuzi, waya uanzie kwenye betri. Nusu ya pikipiki zinazoletwa hapa kwa kuvutwa ni waya ulioungwa vibaya ukasuguliwa na usukani.

Boli zote za keria na ngao ziwekewe lokitaiti (gundi ya kuzuia boli isilegee) ya bluu, sio nyekundu, nyekundu utaitafuta na moto. Wenye DR650 kuna skrubu mbili za swichi ya nyutro ndani ya injini nyuma ya klachi, ni jambo linalojulikana dunia nzima kwamba zinaweza kulegea zikaangukia kwenye gia. Fungua kava la klachi, zitie lokitaiti au zifunge na waya, umelala usingizi. Wenye Kawasaki KLR650 za kabla ya 2008 ulizieni ile leva ya kukazia cheni ya balansi (ya kupunguza mtetemo, ipo ndani ya injini), badilisheni ya nje iliyo imara kabla haijakatika yenyewe. Spoki gonga na spana ndogo moja moja, inayolia mlio mzito imelegea.

Maskati Mwana wa Unguja
Asalaam aleykum. Mie nipo Oman, nna Honda CRF300 Rally. Huku mchanga ndo mchanga kweli, Sharqiya Sands watu twashuka mpaka PSI 14 au 15. Lakini kwa upepo huo tairi lateleza kwenye rimu, lavuta tyubu, shingo ya valvu yakatika. Wekeni rimu loki (kibano cha kushikilia tairi kwenye rimu) tairi la nyuma. Na ile nati ndogo ya kwenye shingo ya valvu msiikaze kwenye rimu, ipandisheni juu kwenye kifuniko, hapo valvu ikianza kulala upande mwaiona mapema. Milimani, njia ya Al Hamra kushukia Balad Sayt, narudisha 22, kule ni mawe makali. Jua la mwezi wa saba sisemi, wakati huo pikipiki imefunikwa.

Kiraka cha Tabora
Swali wakuu. Nina Himalayan pia, tairi la mbele ni 90/90-21, tyubu ya 21 huku Tabora naipata wapi? Ya nyuma 17 hainisumbui, kwenye maduka ya bodaboda nabanabana ya 3.00-17 inanifikisha mjini.

Fundi Spoki
@Kiraka cha Tabora Yamaha DT ya mbele ni 21 pia. Tafuta anaetengeneza DT za mabwana shamba na watu wa afya, ulizia tyubu ya 2.75-21, nyembamba kidogo ila inaingia. Na ukisafiri beba ya 21 moja tu, kwa dharura hata tairi la nyuma inakaa, inajikunja ndani ila inashika upepo mpaka ukafike. Ya 17 mbele haiendi.

Kiraka cha Tabora
Nimeelewa fundi. Kesho naanzia pale nyuma ya stendi, kuna mzee ana mabodi ya DT kama sita.