Kaniambia daftari langu la mauzo "siyo takwimu, ni hadithi". Mbele ya ukumbi mzima!

Mama Belo (mleta uzi)

Wanajamvi, nimetoka huko sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule yule wa kila mwezi wa sita, bajeti ikisomwa tu anaota kwenye luninga kama uyoga. Yule wa "uchumi himilivu". Mwenye tai ndefu ambayo ukiifunga nguzo hadi nguzo unaanika nguo za Buguruni nzima. Huyo huyo.

Tuliitwa semina ya wafanyabiashara wadogo. Nimefunga banda siku nzima, siku yenyewe ya kufungua mzigo, nikaenda nimejipara. Kawasha projekta, kaweka grafu ukutani: 2022 uchumi umekua asilimia 4.7, 2023 asilimia 5.1, 2024 asilimia 5.5. Anaigonga na fimbo kama mwalimu wa dini. "Mnaona ngazi hii? Taifa linapanda." Nikanyoosha mkono kwa heshima zote, nikamwambia mtaalamu, mimi naona nashuka, naomba unieleweshe tunapishana wapi kwenye hiyo ngazi.

Kaniuliza nauza nini. Nikasema mitumba. Akacheka puani. Akasema, nanukuu, "Nyinyi ndio mnalipunguza pato la taifa, kwa sababu mnachoagiza kutoka nje kwenye hesabu kinatolewa." Mimi! Nimesomesha watoto watatu, nalipa kodi ya mapato, ushuru wa soko, leseni, mlinzi na taka, halafu ninalipunguza taifa!

Nikasema sawa, sina elimu yako, ila nina hesabu. Nikatoa kaunta buku langu. Akashuka jukwaani, akalishika kwa vidole viwili kama anayetoa panya kwenye mtego kwa mkia. Akafunua kurasa tatu. TATU. Akalifunga, paa! Akasema: "Mama, hii siyo takwimu. Hii ni hadithi."

Ukumbi ukacheka. Hata jirani yangu wa banda la viatu, niliyemkopesha Jumatatu, alicheka.

Sasa niwaambie hiyo hadithi. Lile daftari ni la kwaya nne, jalada nimelishona kwa uzi wa gunia. Soko la Karume lilipoungua Januari 2022 mzigo wangu wote uliteketea, likabaki hilo kwa sababu huwa nalala nalo. Kila belo lina mstari wake: nimelinunua bei gani, dola siku hiyo shilingi ngapi, nguo ngapi gredi ya kwanza, ngapi za kutupa, zimekaa siku ngapi hadi kuisha. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa 2,300 na kitu. Katikati ya 2024 imeshapita 2,600. Imo. Belo la blauzi nililokuwa namaliza kwa siku nne likaanza kunikalia siku tisa, kumi. Limo. Mteja aliyekuwa anachukua nguo tano akawa anachukua mbili na kuniomba nimfichie ya tatu hadi mwisho wa mwezi. Jina lake limo, na ile ya tatu imo.

Kurasa tatu! Akalifunga!

Kapuku Msomi

Pole sana dada. Nimeweka kiti hapa.

Jicho la Tai

Sambusa yake ulikula hukula? Soda je? Posho ulisaini? Umekula vya watu halafu unakuja kuwasema huku 😂

Mama Belo

@Jicho la Tai sambusa ilikuwa ya baridi na ndani kuna viazi vitupu. Nazungumzia daftari langu. Mtu kanifungia daftari usoni wewe unauliza sambusa.

Chipukizi wa Mlimani

Shikamoo mama. Nasoma uchumi mwaka wa tatu, niruhusu niseme kitu kwa sababu alichokuambia si sahihi, hata mtihani wa mwaka wa kwanza angefeli.

Pato la taifa kwa njia ya matumizi ni matumizi ya kaya, jumlisha uwekezaji, jumlisha matumizi ya serikali, jumlisha tunachouza nje, TOA tunachoagiza. Watu wakiona hiyo "toa" wanadhani uagizaji unaliumiza pato. Hapana. Blauzi ikinunuliwa kwako kwa 5,000, hiyo 5,000 yote imeshaingia kwenye matumizi ya kaya. Lakini humo ndani kuna sehemu iliyotengenezwa nje, tuseme 3,000. Inatolewa ili isihesabiwe kama imezalishwa hapa. Inabaki 2,000: faida yako, mshahara wa kijana wako, bodaboda, pango la banda. Hiyo 2,000 ni pato la taifa halali kabisa. Wewe unaliongeza.

Na hilo la kupishana kwenye ngazi nalo lina jibu. Sensa ya 2022 ilikuta tuko milioni 61.7, na kasi ya kuongezeka ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua 5.5 toa hiyo, kwa kila kichwa imebaki asilimia mbili na ushee, na hiyo nayo ni wastani. Mgodi wa dhahabu na benki wakipanda sana, banda la mitumba linaweza kushuka na grafu ikapanda bila mtu yeyote kudanganya.

Mama Belo

@Chipukizi wa Mlimani marahaba mwanangu. Mungu akupe maisha marefu. Umeniandikia mistari hii bure, na yule kalipwa. Hiyo 2,000 nimeisoma mara tatu.

Ila kuna kitu kinaniuma zaidi. Hizo takwimu zake wanazitoa wapi? Mwaka juzi alikuja binti wa takwimu na kishikwambi, kasimama juani pale kwangu, kauliza bei ya gauni la mtoto, ya suruali ya jinzi, na mwezi uliopita ilikuwa bei gani. Nilimjibu nikisoma wapi? KWENYE HILO DAFTARI! Yaani likisomwa na binti wa watu ni takwimu, likishikwa na mama mwenyewe ni hadithi?

Mchambuzi Huru

Naomba nitofautiane. Jamaa ana lugha mbaya lakini hoja yake ipo. Mfanyabiashara mmoja hawezi kutumika kupinga takwimu za nchi. Labda umezidiwa na wa mtandaoni. Labda mzigo wako ni mbovu.

Mama Belo

Mzigo wangu mbovu??? Miaka 11 Karume. Sijawahi kupinga takwimu za nchi. Niliomba NIELEWESHWE. Rudi juu usome. Mtu kaomba kueleweshwa, kafungiwa daftari.

Kapuku Msomi

@Mchambuzi Huru wewe siyo yeye kweli? Mbona umekuja haraka hivi na tai yako?

Mchambuzi Huru

Sivai tai.

Mzabuni Mchovu

Dada pole, lakini wewe angalau uliuza. Mimi nasambaza unga, maharage na mafuta shule za bweni. Nina karatasi zimesainiwa, zina mihuri, hela hakuna. Kila nikienda naambiwa "fungu halijashuka". Mwaka wa pili huu fungu linashuka tu, sijui linatoka mbinguni kwa ngazi.

Halafu mnajadili kwa nini mitumba haiuziki! Mimi sijalipwa, kwa hiyo sijamlipa mwenye mashine ya kusaga Kibaigwa, naye hajawalipa vibarua wake, nao ndio wanaonunua hizo blauzi zenu. Shilingi moja ya serikali ikikwama juu, chini zinakwama tano. Wanaita sera ya bajeti. Kwenye karatasi matumizi yameidhinishwa bungeni, makofi yamepigwa, mwaka wa fedha umeanza Julai mosi. Kwangu Julai mosi haijawahi kufika.

Chipukizi wa Mlimani

@Mzabuni Mchovu hicho ulichoeleza sisi tunafundishwa kwa milinganyo kurasa nne. Malimbikizo ya madeni kwa wazabuni ni sawa na kuongeza kodi kimyakimya, kwa sababu fedha inatoka kwenye mzunguko bila mtu kutangaza.

Mama Belo

Pole kaka yangu, nawe una lako. Ila turudi kwenye daftari jamani.

Mswahili wa Kongowea

Nyie Watanzania mwalilia daftari? Huku kwetu Kenya Septemba 2014 tulilala maskini tukaamka nchi ya kipato cha kati. Wallahi. Walibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu, ule ambao bei zake hutumika kupimia uchumi, kutoka 2001 hadi 2009, uchumi ukafura robo nzima kwa usiku mmoja. Mimi nikafungua sufuria asubuhi, ugali ni ule ule.

Na hamjakatwa nyie. Sisi mshahara ukiingia tu, asilimia 1.5 ya nyumba imeenda, na nyumba sijaiona. Mswada wa fedha wa 2024 mpaka vijana wafe ndipo uondolewe tarehe 26 Juni. Nyinyi mtu amefunga daftari, basi.

Jicho la Tai

Jirani kaja na matanga yake 😂 Na sisi tumeingia kipato cha kati Julai 2020, Benki ya Dunia yenyewe ilitangaza. Hatujapitwa.

Mswahili wa Kongowea

Haya, kipato hicho kiko wapi bwana?

Jicho la Tai

Kipo kati.

Mzee wa Zamani

Wanangu, nyinyi mnaiona hii kuwa hali mbaya kwa sababu hamkuwepo. Vita vya Kagera vilipoisha Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18. Tulifunga mpaka tundu zikaisha tukatoboa nyingine kwa msumari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa 1977, mafuta yamepanda dunia nzima, fedha za kigeni hakuna. Sabuni kwa foleni. Ukivaa shati jipya unaulizwa umelitoa wapi. 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa mtoni usiku wasikamatwe nazo.

Mitumba hii anayoichekea huyo bwana ndiyo iliyotuvika. 1984 serikali iliporuhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake mwenyewe bila kuulizwa kazipata wapi, ndipo tulipoona rangi tena mitaani. Kabla ya hapo nilikuwa na suruali mbili, ya kazini na ya kanisani, na ya kanisani ilikuwa na kiraka. Uchumi unapanda na kushuka, nimeuona ukifanya hivyo mara tatu. Anayesema unapanda tu hajaishi sana.

Mama Belo

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya suruali ya kanisani imenitoa machozi. Ungekuwepo ukumbini leo asingelifunga.

Tangawizi Kyela

Mimi nawashangaa mnaogombania nguo, nguo haiozi. Machi 2025 Malawi wakafunga milango kwa bidhaa zetu: mchele, unga, ndizi, tangawizi. Mzigo wangu ulikuwa Kasumulu tayari. Aprili na sisi tukawafungia mazao yao, na ya Afrika Kusini tukayaunganisha humo humo, siku chache tukafungua. Wakubwa wamekaa, wamezungumza, wameelewana. Tangawizi yangu haikuelewana na mtu, ilichipua kwenye gunia. Nilifungua gunia nikakuta shamba.

Wanasema biashara ya nje inakuza uchumi. Kweli inakuza. Ila geti likifungwa mchana anayebaki nje ni mwenye mzigo unaooza.

Mswahili wa Kongowea

@Tangawizi Kyela pole sana ndugu. Kilo ulikuwa wauza vipi? Huku tangawizi sasa ni kama dhahabu.

Kapuku Msomi

Kwani mnakumbuka 2016 marais wa Jumuiya walivyokubaliana mitumba iishe kabisa ifikapo 2019? Marekani wakatishia kutufungia AGOA, ule mpango wao wa kuingiza bidhaa za Afrika kule bila ushuru, kila mtu akarudi nyuma isipokuwa Rwanda. Wao wakapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 wakasimamishwa kupeleka nguo kule bila ushuru. Mama Belo wewe ni siasa ya kimataifa na hujui.

Mama Belo

Najua sana. Bei ya belo ilivyoruka wiki ya tangazo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la zamani, lile lililoungua. Ndiyo maana la sasa silitoi mkononi, na ndiyo maana alipolishika kwa vidole viwili moyo ulinipasuka. Mnajua alilirudishaje? Hakunipa mkononi. Aliliweka mezani pembeni ya chupa ya maji, nikalifuata mwenyewe watu wakinitazama mgongo.

Mzabuni Mchovu

@Tangawizi Kyela kaka, hiyo tangawizi iliyobaki unaweza kusambaza shule? Nina oda. Malipo ni fungu likishuka.

Tangawizi Kyela

Fungu likishuka tena? Hapana mkuu, nimeshaoza mara moja.

Neema wa Sirari

Samahanini naingilia. Mama Belo una mashuka? Natafuta belo moja la mashuka ya pamba, gredi ya kwanza, kwa ajili ya gesti yangu. Unatuma Mara?

Jicho la Tai

Na viatu namba 43 vya ngozi kama vipo, weka bei hapa hapa.

Mama Belo

@Neema wa Sirari mashuka yamebaki belo mawili, kilo 45 kila moja, moja lina ya maua mengi, lingine meupe matupu ya hotelini. Kwa gesti chukua meupe. Bei nakutumia faraghani maana huku wenzangu wa soko wanasoma. Basi la Mara linapakia saa 11 alfajiri, mzigo ufike jioni ya leo stendi. Nimeshakuandika kwenye daftari.

@Jicho la Tai viatu muulize jirani yangu aliyecheka.