Kwa nini maji matupu hayatoi mapovu, ilhali uso wake hujivuta kwa nguvu zaidi?

Mzazi wa Makorora, Tanga
Asalaam alaykum, ndugu zangu. Binti yangu wa darasa la sita hukata bua la jani la mpapai, akalichovya katika maji ya sabuni na kupuliza mapovu uani. Amesoma kwamba uso wa maji hujivuta kama ngozi ya ngoma, hata sindano ikilazwa taratibu haizami, na kwamba sabuni hupunguza mvutano huo. Sasa ananiuliza: ikiwa sabuni huilegeza ngozi hiyo, inakuwaje mapovu yatoke kwenye maji ya sabuni, na maji matupu yashindwe?

Mwalimu wa fizikia, Chumbageni
Wa alaykum salaam. Mpongeze sana, kwa maana hapo ndipo sisi walimu hupita haraka. Katika nyuzijoto 20, mvutano wa uso wa maji safi ni takriban milinyutoni 73 kwa mita. Sabuni huushusha hadi chini ya 40. Hata hivyo, maji safi huvuta kwa kiasi kilekile kila mahali, hivyo utando wake ukikonda sehemu moja hakuna cha kuurudisha, nao hupasuka papo hapo. Molekuli za sabuni zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo hujipanga usoni. Utando unapotanuka mahali fulani, molekuli hizo huachana, mvutano wa hapo hupanda, na sehemu hiyo huvuta maji kutoka pembeni mpaka iwe nene tena. Mwitaliano Carlo Marangoni alichunguza mwendo wa namna hii mwaka 1865.

Mtengeneza sabuni, Bagamoyo
Naongeza kuhusu maji yenyewe. Kisima chetu kina maji magumu, na sabuni ya mche humo hugeuka utando mweupe kabla ya kutoa povu, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu hushikana nayo na kuigandisha. Mwambie binti atumie maji ya mvua, na akipata glisirini atie kidogo, kwani huchelewesha maji ya utando kukauka.

Mzazi wa Makorora, Tanga
Ahsanteni. Kwa maji ya mvua mapovu yamekaa muda mrefu kuliko yale ya jana. Ila ameona jambo lingine: akiacha kupuliza bila kuziba bua, povu hunywea na kumrudishia hewa usoni.

Mwalimu wa fizikia, Chumbageni
Ameona vizuri. Utando una nyuso mbili, ya ndani na ya nje, na zote hujikunyata. Kwa hiyo shinikizo la ndani huzidi la nje kwa mara nne ya mvutano, ukigawanya kwa nusukipenyo. Povu lenye nusukipenyo cha sentimita 1 na mvutano wa milinyutoni 25 lina ziada ya paskali 10 tu, lakini hizo zinatosha kuisukuma hewa yote itoke. Tena kadiri povu linavyopungua ndivyo ziada inavyokua, kwa hiyo mwache aangalie jinsi linavyozidi kukaza mwendo linapokaribia kwisha.