Anayefungasha programu ya usimbaji fiche akizima kitu, atueleze au anyamaze?

Mwanzisha mada, Nkuhungu:
Wakuu, hili limenikuta wiki hii. Kuna chama cha akiba na mikopo hapa Dodoma nakisaidia mambo ya kompyuta. Mhasibu wao, mama makini kweli, anatunza maneno ya siri kwenye KeePassXC. Programu ikasasishwa, asubuhi kivinjari hakijazi tena neno la siri. Akajua kadukuliwa. Nimefika nimemkuta keshanakili yote kwenye daftari la kaunta, limewekwa pale pale wateja wanaposaini.

Hakuna aliyemdukua. Fundi anayewafungashia programu, yaani anayeiandaa iwe tayari kusakinishwa, alizima chaguo moja wakati wa kuijenga, WITH_XC_BROWSER, linaloiunganisha na kivinjari, na kwenye maelezo akaandika "usalama umeboreshwa". Basi. Ubishi kama huu uliwaka Debian, mfumo endeshi wa bure, mwaka 2024: kifurushi cha kawaida cha KeePassXC kilipunguzwa, chenye kila kitu kikaitwa keepassxc-full, na watu wakashtukia vitu vimegoma. Nasema kila kinachozimwa kiandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka: unapata nini, unakosa nini.

Mchangiaji, Area D:
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Huyo mama hasomi orodha ya machaguo. Heartbleed, ile kasoro ya Aprili 2014 iliyovujisha siri za seva, ilitoka kwenye nyongeza ya OpenSSL, programu ya usimbaji fiche inayotumiwa na tovuti nyingi, ambayo wengi hata hawakuihitaji, ila ilikuja imewashwa. Aliyejenga kwa OPENSSL_NO_HEARTBEATS, yaani nyongeza hiyo imezimwa, hakuguswa. Fundi apunguze milango, atulinde. Maelezo marefu yanatia watu hofu tu.

Mwanafunzi, UDOM:
Shikamooni wakubwa. Na fundi akikata pasipotakiwa? Mwaka 2006 mfungashaji wa Debian aliondoa mistari michache ya OpenSSL iliyokuwa ikileta onyo kwenye ukaguzi. Ubahatishaji wa kutengeneza funguo ukabaki unategemea namba ya mchakato, ile ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, yaani funguo zisizozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kwenye aina moja ya kompyuta. Iligundulika Mei 2008. Naye nia yake ilikuwa njema.

Mwanzisha mada:
Marahaba mdogo wangu, umenena. Mkuu wa Area D, kukata sikatai. Mimi mwenyewe ningezima WITH_XC_NETWORKING, maana inashusha nembo za tovuti na kuuliza kama neno la siri limevuja, na pale ofisini hawavihitaji. Ninachopinga ni kimya. Unasema maelezo yanatia hofu, lakini aliyemtia mama hofu mpaka akashika kalamu ni nani?

Haya ndiyo niliyombandikia pembeni ya skrini, nayaweka hapa myakosoe: "Toleo hili haliongei na kivinjari. Tumezima kwa makusudi, hujadukuliwa. Faili lako ni lile lile. Chagua akaunti, bonyeza Ctrl+C kunakili neno la siri, kisha bandika upesi, maana baada ya sekunde 10 nakala hiyo inafutika. Ukitaka kivinjari kirudi, omba kifurushi kamili."

Kayasoma amesimama, mkoba begani. Daftari tumelichoma nyuma ya ofisi, na jioni yote tumeshinda tukibadilisha maneno ya siri, moja moja.